Wapima wa Ardhi za Kanada na Mamlaka ya Kujisimamia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sheria inayozungumziwa hapa ni ipi?

Ni Sheria ya Wapima wa Ardhi za Kanada. Iliingia Bungeni kama Mswada C-31, ikapata idhini ya mwisho tarehe 11 Juni 1998, ikaanza kutumika 18 Machi 1999. Chama cha Wapima wa Ardhi za Kanada chenyewe kilikuwa kimesajiliwa tangu 1985, lakini miaka hiyo yote kilikuwa chama cha kawaida cha wanataaluma. Kiliweza kuitisha mikutano, kutoa maoni na kuwapa wanachama wake mafunzo. Kumzuia mtu asipime ardhi hakikuweza, na kumwadhibu aliyepima vibaya hakikuweza pia. Sheria ya 1998 ndiyo iliyokipa meno. Tangu Machi 1999 chama hicho ndicho kinachopanga sifa za mpima, kinachotoa leseni, kinachosikiliza malalamiko na kinachomwondoa kazini aliyekiuka maadili.

Msomaji asichanganye sheria hii na nyingine inayokaribiana nayo kwa jina, yaani Sheria ya Upimaji wa Ardhi za Kanada. Hiyo ni ya zamani zaidi na inahusu upimaji wenyewe: nani anaagiza kazi, ramani inathibitishwaje, kumbukumbu zinatunzwa wapi. Ile ya 1998 inahusu watu wanaopima. Zote mbili zinafanya kazi hadi leo, na mtu akisoma moja bila nyingine ataelewa nusu tu ya mfumo.

Kujisimamia maana yake ni nini hasa?

Maana yake Bunge limechukua sehemu ya mamlaka yake na kuikabidhi kwa wanataaluma wenyewe. Mamlaka hayo ni ya aina tatu. Kuna ya kutunga masharti, kwa mfano maadili na viwango vya elimu. Kuna ya kutekeleza, yaani kutoa leseni, kuisimamisha au kuifuta. Na kuna ya kuhukumu, kwa sababu kamati ya nidhamu inasikiliza ushahidi, inafikia uamuzi na kutoa adhabu karibu kama mahakama ndogo.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Uamuzi wa kamati ya nidhamu unaweza kumwondolea mtu riziki yake, na uamuzi huo unatolewa na wenzake. Kwa hiyo kila mara chama kinapotumia mamlaka hayo kinatumia kitu cha umma kilichokabidhiwa kwa masharti. Wapo wanachama wanaozungumzia kujisimamia kama heshima waliyostahili baada ya kazi ya miaka mingi. Mimi naona lugha hiyo ni ya hatari, na sababu zake nitazieleza chini.

“Ardhi za Kanada” ni zipi? Si nchi nzima?

Hapana. Sehemu kubwa ya ardhi ya majimbo kumi iko chini ya sheria za majimbo hayo, na kila jimbo lina chama chake cha wapima. “Ardhi za Kanada” ni kundi maalumu la kisheria: ardhi za shirikisho katika maeneo matatu ya kaskazini, yaani Yukon, Northwest Territories na Nunavut, mbuga za taifa, maeneo yaliyotengewa Mataifa ya Kwanza (jamii za watu wa asili) popote nchini, ardhi kadhaa zilizotokana na mikataba ya madai ya ardhi, na ardhi iliyo chini ya maji ya bahari inayomilikiwa na Kanada.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kitu ambacho mijadala ya taaluma hukipita haraka. Wateja na majirani wa wapima hawa, kwa sehemu kubwa sana, ni watu wa asili wa nchi hiyo. Mstari anaouchora mpima huyu mara nyingi unapita kwenye ardhi ya jamii ambayo kwa vizazi vingi ilichorewa mistari bila kuulizwa. Sheria ya kuwasimamia wapima hawa haiwezi kusomwa kana kwamba inahusu viwanja vya mjini peke yake.

Kabla ya 1999 nani alikuwa anawasimamia?

Serikali yenyewe. Chini ya ile sheria ya upimaji kulikuwa na bodi ya watahini, na Mpima Mkuu wa Serikali alikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Mtu akifaulu mitihani alipewa hati ya kuwa mpima wa Ardhi za Kanada. Mfumo huo ulikuwa na mizizi mirefu: Sheria ya Ardhi za Dominion ya 1872 (Dominion ni jina lililotumika kwa Kanada enzi hizo) ndiyo iliyoweka hati na mitihani ya wale walioitwa wapima wa ardhi za Dominion, watu waliogawa nyanda za magharibi katika miraba.

Ugawaji wenyewe ulikuwa mkubwa mno. Alama ya kwanza iliwekwa tarehe 10 Julai 1871 karibu na Winnipeg, na kutoka mstari wa kwanza wa kaskazini-kusini nyanda zikakatwa katika vitongoji vya maili sita kwa sita, kila kimoja chenye vipande 36 vya ekari 640. Wakati ule serikali ilikuwa mwajiri, mteja, mtahini na hakimu wa wapima wake kwa pamoja. Kwa karne ya 19 mpangilio huo ulikuwa na mantiki, kwa sababu karibu kazi yote ilikuwa ya serikali. Kufikia miaka ya 1990 mambo yalikuwa yamebadilika: sehemu kubwa ya upimaji ilikuwa ikifanywa na makampuni binafsi kwa mikataba, na bado mtu wa serikali ndiye aliyeshika mitihani na nidhamu.

Kwa nini shirikisho lilichelewa hivyo wakati majimbo yalishaanza?

Majimbo ya kwanza yalitangulia kwa zaidi ya karne moja. Quebec ilikuwa na chombo cha wapima kilichoundwa kwa sheria mwaka 1882. Huko Ontario wapima walianzisha chama mwaka 1886, na kikatambuliwa kwa sheria mwaka 1892. British Columbia ilifuata 1905, Alberta na Saskatchewan 1910.

Upande wa shirikisho haukuwa na msukumo kama huo kwa sababu mpima wa shirikisho alikuwa ama mtumishi wa serikali au mtu aliyefanya kazi yake kuu jimboni na kushika hati ya shirikisho kama nyongeza. Bajeti ya Februari 1995, iliyokata matumizi ya wizara nyingi kwa nguvu, ilifanya swali la “je, hii ni kazi ya serikali?” kuulizwa kila kona ya Ottawa, mji mkuu. Haishangazi kwamba mswada wa wapima ulipita ndani ya miaka michache baadaye.

Lakini kwa nini wapewe wao? Serikali isingeweza kuendelea kutoa leseni?

Ingeweza. Nchi nyingi zinafanya hivyo na mipaka yao haijaporomoka. Hoja ya kujisimamia inasimama juu ya jambo moja: kazi ya mpima wa mipaka ni kazi ya kupima ushahidi, na asiyeijua hawezi kuihukumu kwa haki.

Watu wengi wanadhani mpaka ni namba. Ramani inasema mita 40.23, basi leta kifaa cha setilaiti, pima mita 40.23, chomeka chuma, kazi imekwisha. Sivyo. Mpima akifika shambani anatafuta kwanza alama za awali, zile zilizowekwa na mpima wa kwanza aliyegawa ardhi ile. Akiipata alama ya awali ikiwa haijaguswa, alama hiyo ndiyo mpaka, hata kama umbali wake haulingani na ule ulioandikwa kwenye ramani. Mpima wa 1885 aliyevuta mnyororo wa kupimia kwenye theluji na akakosea kwa mita moja amekwisha kuweka mpaka pale alipochomeka nguzo yake, kwa sababu watu walinunua, wakajenga na wakazika wazee wao kwa kuifuata nguzo ile. Umbali ulioandikwa unapewa nafasi ya mwisho. Kabla yake kuna mipaka ya asili kama kingo za mto, kuna alama za awali, kuna uzio wa zamani na matumizi ya ardhi yanayoonyesha alama ya awali ilikuwa wapi.

Sasa chukua mpima aliyepewa kazi ya kurudisha mpaka ambao nguzo zake zimeoza. Anachimba. Anatafuta udongo wenye rangi tofauti pale mbao zilipooza. Anasoma daftari la shambani la mtu aliyekufa zamani. Anazungumza na wazee wanaokumbuka uzio. Kisha anaamua. Je, alichimba vya kutosha? Alipoona uzio ule alikuwa na sababu ya kuuamini? Aliandika alichokikuta au alichotarajia kukikuta? Ofisa asiyewahi kushika koleo hawezi kujibu maswali haya kwa kusoma faili. Mpima mwenzake anaweza, na anajua mara moja kama mtu amefanya uvivu.

Kuna sababu ya pili, nayo ni uhuru. Serikali ya shirikisho ni mmoja wa wateja wakubwa wa upimaji huu, na mara nyingi ina maslahi upande mmoja wa mpaka. Mpima anayejua kwamba leseni yake iko mikononi mwa mteja wake ana kila sababu ya kuogopa kupata ushahidi usiompendeza mteja huyo.

Je, kuna mtu aliyeweka wazi masharti ya kupewa mamlaka kama haya?

Yupo, na maneno yake bado yanatumika Kanada kila mjadala huu unapoibuka. Tume ya kifalme iliyoongozwa na Jaji James McRuer kuchunguza haki za raia huko Ontario ilitoa ripoti yake mwaka 1968 na kulichambua suala la taaluma zinazojisimamia. Msimamo wake ulikuwa kwamba kutoa mamlaka ya kutunga sheria na kuhukumu kwa kundi la wanataaluma kunahalalishwa na jambo moja tu, ulinzi wa umma. Na kwamba mamlaka hayo hayatolewi ili kuipandisha taaluma hadhi. Hoja hiyo ilihusu majimbo na taaluma nyingi, madaktari na wanasheria wakiwemo, lakini ndiyo ninayoiona chini ya kila kifungu cha maana katika Sheria ya 1998. Mwanachama anayefurahia leseni kama medali ameisoma sheria vibaya.

Mpima Mkuu alipoteza kazi yake?

Hapana, na huu ndio uzuri wa mpangilio wa Kanada. Sheria ilitenganisha mtu na mstari.

Mtu ni wa chama: elimu yake, maadili yake, bima yake, nidhamu yake. Mstari umebaki kwa Mpima Mkuu, aliye ndani ya Wizara ya Maliasili ya Kanada. Mpima anayetaka kupima Ardhi za Kanada hupata kwanza maelekezo ya upimaji kutoka ofisi hiyo. Lazima afuate viwango vya kitaifa vya upimaji vinavyotolewa na ofisi hiyo, na ramani yake ikikamilika inaingia katika Kumbukumbu za Upimaji wa Ardhi za Kanada, hazina ya ramani na madaftari ya shambani ambayo baadhi yake yana umri wa zaidi ya karne.

Kwa hiyo ramani mbovu inaweza kukwama kwa Mpima Mkuu, na mpima mbovu anaweza kukwama kwenye chama. Milango ni miwili na kila mmoja una mlinzi wake. Mpima Mkuu mwenyewe kwa sheria lazima awe mpima wa Ardhi za Kanada, kwa hiyo naye hayuko nje ya taaluma.

Nani anakaa kwenye Baraza la chama?

Wanachama waliochaguliwa na wenzao, rais na makamu wake wakiwemo, Mpima Mkuu, na watu wasio wapima wanaoteuliwa na Waziri. Kundi hili la mwisho ni dogo na ni rahisi kulichukulia kama pambo. Kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote. Mtu ambaye hajawahi kupima kiwanja akiuliza, “Kwa nini lalamiko hili limechukua muda mrefu hivi?”, analazimisha wote mezani kutoa jibu ambalo mwananchi naye angelielewa.

Mtu anakuwaje mpima wa Ardhi za Kanada?

Njia ya kawaida huanza na shahada ya jiomatiki, yaani elimu ya kupima ardhi na kuchora ramani zake, au masomo yanayokubalika kuwa sawa nayo. Vyuo vikuu vya New Brunswick, Laval na Calgary vinajulikana kwa fani hiyo. Kisha kuna mafunzo ya vitendo chini ya mpima mwenye uzoefu, na mitihani ya kitaaluma. Mitihani hii inadai mtahiniwa ajue mifumo ya haki za ardhi katika maeneo ya Mataifa ya Kwanza, kaskazini na baharini. Hilo linaeleweka: mtu aliyezoea viwanja vya Toronto hajui kwa kuzaliwa jinsi ardhi inavyoshikiliwa na jamii nzima badala ya mtu mmoja.

Akifaulu anapewa hati. Hati inamfanya awe mpima wa Ardhi za Kanada, lakini bado haimruhusu kufanya kazi ya mipaka kwa umma. Kwa hilo anahitaji leseni, na kampuni inahitaji kibali chake. Mstaafu anaweza kubaki na hati bila leseni. Tofauti hii ya hati, leseni na kibali huwachanganya wateja wengi, kwa hiyo ukiajiri mtu uliza kuhusu leseni.

Kazi gani haziruhusiwi bila leseni?

Upimaji wa mipaka ya ardhi peke yake, yaani kazi inayoweka, kutafuta au kueleza mpaka wa haki fulani katika ardhi. Kurusha droni na kutengeneza ramani ya miinuko, kumwelekeza fundi nguzo ya jengo iende wapi, au kupima kina cha bandari, hizo hazijafungwa na sheria hii. Wapo wanaotaka uzio upanuliwe. Sioni haja yake. Ukiritimba unahalalishwa pale tu ambapo kosa haliwezi kuonekana na mteja hadi miaka ishirini ipite, na kosa la mpaka ni la aina hiyo hasa.

Nikiwa na malalamiko dhidi ya mpima, nifanye nini?

Andika kwa chama. Huhitaji wakili, na huhitaji kuwa mteja. Jirani anayehisi mpima amefanya kazi ovyo naye anaweza kulalamika. Lalamiko linakwenda kwanza kwa kamati ya malalamiko, ambayo kazi yake ni kuchunguza na kuona kama kuna jambo la kujibiwa. Likionekana zito, linapelekwa kwa kamati ya nidhamu, ambayo ni chombo tofauti. Utengano huo una maana kubwa: aliyechunguza na kuamini kwamba kuna kosa asikae tena kuhukumu.

Kamati ya nidhamu inaweza kumkaripia mpima, kumwekea masharti, kusimamisha leseni yake au kuifuta kabisa. Uamuzi wake hauko juu ya mahakama. Kwa wapima, kama kwa wanasheria na madaktari, jaji anaweza kuangalia kama mtu alisikilizwa kwa haki.

Mlalamikaji ajiandae kwa jambo moja linalouma. Chama kinashughulikia mwenendo wa mpima, hakilipi fidia. Hasara yako ya fedha inafuatwa kupitia madai ya kawaida na bima ya dhamana ya kitaaluma ya mpima.

Basi chama kinaweza kurekebisha mpaka wangu?

Hapana. Hata mpima akifutiwa leseni, mpaka haubadiliki kwa uamuzi wa chama. Hilo ni suala la Mpima Mkuu, la kumbukumbu za ardhi, au la mahakama.

Si ni kumkabidhi fisi bucha? Wapima watawaadhibu wapima wenzao kweli?

Swali hili ni halali na halipaswi kujibiwa kwa kununa. Taaluma hii ni ndogo. Watu wanajuana, walisoma pamoja, wanashindania zabuni zilezile. Hatari ziko pande mbili: kumwonea huruma rafiki, na kumkomoa mshindani.

Kinga zilizopo ni za kweli lakini hazijitoshelezi. Kuna wateule wa Waziri kwenye Baraza. Kuna ule utengano wa kuchunguza na kuhukumu. Kuna utaratibu wa kupitia kazi za wanachama bila kusubiri lalamiko, ambao mimi nauthamini zaidi ya kamati ya nidhamu yenyewe: mkaguzi anachukua ramani na madaftari ya mpima na kuyapima dhidi ya viwango, na udhaifu unagundulika kabla haujamfikia mwananchi. Na kuna Mpima Mkuu, anayeona ramani zote zinazoingia na kujua nani anarudishiwa kazi mara kwa mara.

Kinachobaki ni utamaduni wa chama, na hicho hakiwezi kuandikwa kwenye sheria. Chama kinachotumia mikutano yake kuzungumzia ada na masoko kuliko ubora wa kazi za shambani kimeanza kusahau kwa nini kilipewa mamlaka. Dalili nyingine ni kuweka milango migumu kwa wageni waliosomea nje ya nchi bila sababu inayohusiana na uwezo wao wa kazi.

Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Métis wana nafasi gani katika haya yote?

Historia ya upimaji magharibi mwa Kanada ilianza kwa mgogoro. Tarehe 11 Oktoba 1869 kikosi cha wapima wa serikali kilikuwa kikivuta mnyororo katika bonde la Mto Red, kwenye ardhi ya malisho ya mkulima Mmétis, yaani mtu wa jamii iliyotokana na ndoa za watu wa asili na Wazungu. Louis Riel, kiongozi wa Wamétis, na wenzake walifika, wakaukanyaga mnyororo na kuwaambia wapima waondoke. Wamétis walikuwa na viwanja vyao, vyembamba na virefu, kila kimoja kikianzia mtoni ili kila familia ipate maji, mbao na majani. Wapima walikuja na miraba. Hakuna aliyekuwa amewauliza wenyeji. Kukanyagwa kwa mnyororo ule kulifungua upinzani uliozaa jimbo la Manitoba mwaka 1870.

Kila mpima wa Ardhi za Kanada ni mrithi wa pande zote mbili za mnyororo ule, apende asipende. Leo mambo yamesogea. Mkataba wa Nunavut wa 1993 uliwatambulia Wainuiti, watu wa asili wa kaskazini ya mbali, umiliki wa takriban kilomita za mraba 350,000, na mipaka ya ardhi hizo ikahitaji kupimwa. Makubaliano ya Mfumo wa Usimamizi wa Ardhi za Mataifa ya Kwanza, yaliyotiwa saini 1996, yalifungua njia kwa jamii kutunga kanuni zao za ardhi na kuondoka chini ya sehemu za Sheria ya Wahindi (Indian Act, ambamo “Wahindi” ni jina la zamani la watu wa asili wa Kanada) zinazohusu ardhi. Jamii inayosimamia ardhi yake inamhitaji mpima kwa njia mpya kabisa: kama mtaalamu iliyemwajiri yenyewe, badala ya mtu aliyetumwa kutoka Ottawa.

Kwa sheria, sauti ya jamii hizi ndani ya chama si lazima iwepo kama haki inayojitegemea. Inapatikana kupitia uteuzi, kupitia wanachama wanaotoka katika jamii hizo, na kupitia haki ya kila mtu kulalamika. Nadhani hapo ndipo marekebisho yajayo yanapaswa kuanzia. Taaluma inayofanya sehemu kubwa ya kazi yake kwenye ardhi za watu wa asili haipaswi kungoja Waziri akumbuke kuwateua.

Bunge linaweza kuyachukua tena mamlaka haya?

Linaweza, kwa sheria ya kawaida. Katiba hailindi kujisimamia kwa taaluma yoyote. Mfano wa karibu ni British Columbia, ambako mwaka 2016 serikali ya jimbo ilitangaza kukomesha kujisimamia kwa madalali wa nyumba baada ya umma kupoteza imani. Miaka miwili baadaye jimbo hilohilo likapitisha Sheria ya Usimamizi wa Taaluma ya 2018, iliyoweka jicho la serikali juu ya vyombo vya wahandisi, wataalamu wa misitu, wataalamu wa kilimo na wengineo. Mwelekeo wa nyakati hizi, kama unavyoonekana huko, ni kupunguza uhuru wa vyama, na wapima wa shirikisho wangefanya vyema kuutazama.

Mpima wa jimbo anaweza kupima Ardhi za Kanada?

Si kwa leseni ya jimbo peke yake. Hata hivyo mikataba ya biashara ya ndani ya nchi, ikiwemo ile iliyoanza kutumika Julai 2017, inavilazimisha vyombo vya taaluma kuwatambua waliokwisha kupewa leseni kwingine ndani ya Kanada. Kwa kawaida kinachobaki ni kuthibitisha kwamba mtu anazijua sheria za ardhi anakokwenda. Wengi hushika leseni mbili au zaidi.

Nikikuta jiwe la mpaka limenikalia vibaya, naweza kuling'oa?

Usiliguse. Kifungu cha 443 cha Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kanada kinafanya kuwa kosa kung'oa, kuhamisha au kuharibu kwa makusudi alama iliyowekwa kihalali na mpima, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Mpima mwenyewe anaruhusiwa kuinua alama pale kazi yake inapolazimu, kwa sharti airudishe kwa uangalifu kama ilivyokuwa. Kama jiwe linazuia ujenzi, mwite mpima kabla ya kumwita mwenye tingatinga.

Nitajuaje kwamba niliyemwajiri ana leseni?

Msajili wa chama anatunza rejista, na jina la mwenye leseni linaweza kutafutwa humo na mtu yeyote. Fanya hivyo kabla ya kusaini chochote. Kisha mwombe mpima akuonyeshe maelekezo ya upimaji aliyopewa na ofisi ya Mpima Mkuu kwa kazi yako, na muulize nani hasa atakuwa shambani siku ya kupima, kwa sababu jina lililo kwenye leseni na watu walioshika koleo si lazima wawe wale wale. Mwenye leseni ndiye anayetia saini na kuwajibika, kwa hiyo mwombe akueleze, kwa maneno yake, ni alama gani za awali alizozipata na zipi hakuzipata.